Mlango Unaotazama Kiwanda

Jumamosi, usiku

Paa limefika bila kukatika hata ufito mmoja. Barabara mpya ya mji inapita palipokuwa na nyumba yangu, basi leo wenzangu wa kiwanda cha pamba, kile kilichofungwa, ambao bado wanakaa karibu nacho, wamelibeba paa zima la nyasi mabegani mpaka kiwanja kipya. Pombe ya mke wangu wameimaliza. Mungu awabariki.

Kinachoniudhi ni mlango. Tulipojenga kuta tuliuelekeza kiwandani, kwa mazoea tu, na barabara ikabaki nyuma ya nyumba. Bwana mpimaji wa barabara amecheka sana.

Kazi sijui nitapata wapi. Lakini mlango, nikasema, kesho nauhamisha.

"Uache," mke wangu akanijibu. "Waliokubebea paa watatokea upande huohuo."