Kobe Alinidanganya, Shangazi

Kamanga, Sengerema
22 Februari 1996

Mpendwa Shangazi Wilhelmina,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje, bado unakusumbua baridi ikiingia? Na mvua za huko Tabora zinasemaje? Sisi wazima, ingawa kabla ya Krismasi nusura nikuandikie barua ya msiba.

Tangu nilipopunguzwa kazi kiwandani Nyakato tukarudi huku ukweni, mvua zikinyesha naingia kwenye miombo kuchuma uyoga, kama ulivyonifundisha nikiwa msichana. Nautafuta hasa ule mnene wa kahawia, ambao chini ya kofia hauna mikunjo bali vitundu vidogo vidogo kama sponji. Watu wa hapa ziwani wanauogopa. Wao ni samaki na uyoga wa kichuguu, basi.

Sasa nikwambie, na usinikasirikie. Wewe ndiye uliyesema uyoga alioula kobe, mtu naye ale. Siku ile ya kabla ya Krismasi nilikuta uyoga mnono unaofanana na huo, na kobe mwenyewe yuko pale pale anatafuna. Nikafurahi, nikajaza kikapu. Baba mkwe, mzee Luhaga, ndiye aliyeanza kula. Alitapika mchana kutwa, tukampeleka zahanati kwa baiskeli. Nilimwomba Mungu anichukue mimi. Alipona, lakini akapiga marufuku uyoga kwenye chungu cha familia, na kwa kijiji kizima nikawa mwanamke wa sumu.

Sikukubali. Kosa nilifanya, ila sikukubali liwe ndilo jina langu. Nikamfuata Mama Malimi, jirani yetu aliyekulia Urambo, huko huko Tabora, nikampeleka mahali pale pale. Alipasua uyoga ule wa kobe. Nyama yake ikageuka bluu tukiangalia, na vitundu vyake vilikuwa vyekundu.

"Huu hata ukipewa na malaika, acha," akasema.

Wa kwetu ukiupasua unabaki mweupe. Na ukiwa na shaka hata chembe, unauacha ulipoota. Nimekwenda naye mara kumi na moja, kila uyoga unapita mkononi mwake kwanza, na bado ananikaripia.

Nikawa napika kwenye sufuria yangu ndogo na kula peke yangu, nao wananitazama kama wananiaga. Wiki tatu! Mume wangu Josephat alinisihi niache. Nilimwambia, wewe endelea kusihi, mimi naendelea kula.

Jumapili iliyopita mama mkwe aliingia jikoni na bakuli tupu la mzee. Unajua mimi na baba mkwe heshima haituruhusu kusemezana ovyo.

"Baba yako anasema amechoka kunusa tu," akasema mama. "Pakua."

Shangazi, mimi niliyekuwa na ubishi wote huo, niliurudisha kwanza mwiko sufuriani. Nilikichungulia kila kipande ndipo nikapakua. Usiku ule sikulala. Asubuhi nikamsikia mzee anaswaga ng'ombe wake na kuwatukana kama kawaida, nikalia kwa furaha.

Wasalimie Antoni na mkewe, na Ngosha pia; sikuwahi kumwandikia barua yake, asinune. Mungu akulinde na akupe miaka mingi.

Lakini kwanza, nakuomba kwa heshima zote, waite wajukuu leo hii, kabla hawajaingia msituni, uwaambie habari ya kobe ulikosea. Mimi wanangu nimewaambia nilikosea, na aibu haikuniua.

Mwanao akupendaye hata akikubishia,
Getruda