Jengo la Tatu Kutoka Kona

Jumatatu, 4 Agosti
Nimeuza mikungu miwili tu ya ndizi mshare. Baridi. Mlima umejifunika tangu Ijumaa na watu hawatoki ndani. Nimeshinda barazani kwangu, mbele ya ghala la saruji, mgongo kwenye nguzo ileile.

Saa nne wamekuja wazee wa suti, kama kumi. Ndio waliosoma shule ya mtaa huu zamani. Wamesimama mbele ya duka la simu, jengo linalofuata hili langu. Wamepiga picha. Wamefuta machozi. Eti hapo ndipo waliposoma.

Shule ilikuwa hapa nilipokaa mimi! Wamelilia duka la simu.

Jumanne, 5 Agosti
Aika amenieleza vizuri. Mjukuu wangu huyu anasuka watu saluni ng'ambo ya barabara, habari zote za mji zinapita mikononi mwake. Majengo haya mawili ni ya mtu mmoja, anataka kujenga ghorofa. Wazee wamemwomba asiguse shule yao. Amekubali: atavunja moja, ataacha moja. Wao wamemwandikia barua aache duka la simu.

Hili langu linavunjwa Jumamosi.

Mtori wangu wa ndizi umepoa mbele yangu. Sijala.

Jumatano, 6 Agosti
Nimeamka na hasira. Niandike sababu, nisije nikasema ni uzee.

Mimi sikusoma. Dawati sijalikalia hata siku moja. Nilishushwa kutoka kijijini Kibosho nina miaka kama kumi, nije nilee mtoto wa karani mmoja wa kahawa. Mtoto aliitwa Kalisti, miaka sita, kamasi hadi kidevuni. Asubuhi nampeleka shule. Namsubiri barazani hadi mchana, kikapu cha kiburu chake, ndizi na maharage, magotini. Wao wanaimba a, e, i, o, u huko ndani, mimi naandika kwenye vumbi kwa kidole. Ndiyo maana leo naandika daftari hili. Hakuna aliyenifundisha. Niliiba.

Ijumaa wakishatoka, mwalimu alikuwa ananiita ndani nipake ubao weusi. Ubao wenyewe ulikuwa ukuta. Unatwanga makaa ya betri za redio zilizokufa, unaponda na majani ya maboga, unapaka kwa kitambaa. Chaki nilikatazwa kushika. Kucha zinabaki nyeusi siku tatu, na siku hizo tatu mama yake Kalisti ananifukuza jikoni. Nakula nje, na kuku.

Kalisti huyo ndiye mwenyekiti wa wazee wa suti.

Walipokosea napajua. Wanahesabu kutoka kona. Zamani kweli shule ilikuwa jengo la tatu: duka la vitambaa, duka la mikate, shule. Lakini lile la vitambaa lilivunjwa siku nyingi, sasa watu wanaegesha magari. Wao walikuwa Dar, wengine Ulaya. Wamerudi, moja, mbili, tatu, wakaangukia kwa jirani. Na majengo yamefanana kama mapacha. Mimi sihitaji kuhesabu. Mimi sikuondoka.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimevaa kitenge cha Pasaka nikaenda kwenye kikao chao hotelini. Sikualikwa. Nimesimama.

Nimesema, Kalisti, mimi ni Ndeshi, niliyekufuta kamasi. Shule yenu ni ile yenye saruji.

Wamecheka. Yeye hakucheka, amekuwa mpole, upole wa kuudhi. "Mama yangu, tunakuheshimu sana. Lakini sisi wote humu tulisoma pale, na wote tunakumbuka la tatu. Wewe hukusoma."

"Kweli sikusoma," nikamwambia. "Ningesoma ningehesabu kama nyinyi, nikapotea."

Aika alikuwa mlangoni. "Bibi, umewachana!" Amecheka njia nzima.

Mimi sikucheka. Barua haijabadilishwa. Maneno nimeshinda, jengo linakwenda.

Ijumaa, 8 Agosti
Nane Nane. Ofisi zimefungwa, hakuna wa kumlilia. Saruji imehamishwa yote. Nimechungulia: kuta zimepigwa plasta pande zote, ubao hauonekani.

Naogopa. Nikikosea, nitakuwa bibi kichaa wa barazani mpaka nife.

Jumamosi, 9 Agosti
Mkono unauma. Naandika hivyohivyo.

Saa moja asubuhi kijiko cha kubomolea kimeshafika, kinanguruma barabarani. Fundi mkuu anakunywa chai. "Shikamoo bibi." Marahaba, nipe nyundo. "Bibi unataka kutusaidia kubomoa?" Nataka kukuzuia, baba. Amecheka hadi chai ikamwagika, lakini nyundo amenipa. Na dakika kumi.

Aika amekimbia hotelini kumtoa Kalisti kitandani. Alivyomwambia: "Babu, bibi yangu yuko ndani na nyundo. Ukuta ukimwangukia ni juu yako." Amekuja na suti, miguuni ndala.

Miaka mingi na plasta vimenipoteza upande. Nimegonga ukuta wa kulia. Plasta imedondoka. Mawe matupu. Nimesogea, nimegonga tena. Mawe. Vijana wa kazi wameanza kugunaguna. Jasho limenitoka kwenye baridi ile. Kalisti amenishika kiwiko. "Inatosha, mama."

Nimetoka nje. Wamedhani nimekubali. Nimekaa chini barazani, mahali pangu pa zamani, nimechungulia dirishani kama nilivyokuwa nachungulia. Nilikuwa naona nini? Visogo. Kutoka hapa sikuwahi kuona nyuso zao, niliona visogo tu, na cha Kalisti kilikuwa na kovu. Basi walikuwa wamenipa mgongo. Ubao uko ukuta wa mbele yangu, wa ndani kabisa!

Nimerudi. Pigo la kwanza, vumbi. La pili, vumbi. La tatu, plasta imeshuka kama ganda la yai, na nyuma yake weusi. Weusi wangu.

Fundi amenipokea nyundo, amebandua mwenyewe taratibu, mpaka ubao mzima ukatoka. Chini pembeni kuna K imechimbwa, imepinda.

Kalisti amepiga magoti kwenye vumbi na suti yake. "Hii nilichora mimi. Kwa msumari." Amepitisha kidole juu yake. "Lakini mwalimu hakuwahi kunichapa kwa hii."

"Angeionaje? Kila Ijumaa nilikuwa naiziba na weusi."

Amelia kama yule wa miaka sita. Halafu amesema, "Dada." Hakusema mama. Dada, kama alivyokuwa ananiita.

Amempigia mwenye jengo palepale. Barua inabadilishwa. Duka la simu ndilo litakalovunjwa, na nimemwambia yule mwenye duka aje tukae wote barazani, nafasi ipo. Kijiko kimeondoka kinyumenyume huku kikipiga kelele. Sikungoja mtu anishangilie. Nimejipigia vigelegele mwenyewe, mtaa mzima umenisikia.

Mchana tumeupaka ubao upya. Betri tumepata kwa mlinzi, za tochi. Majani ya maboga Aika ameyatoa sokoni. Kalisti ameponda, hajui kuponda, ameharibu tai. Nimemsema. Amekubali.

Kiburu tumekula humohumo ndani. Mimi nimekalia mfuko wa saruji uliosahaulika, mbele kabisa, uso kwa ubao.

Jumapili, 10 Agosti
Misa ya kwanza. Mlima umefunguka, mweupe juu.

Nimenawa mara tatu kwa majivu na sabuni. Kucha bado nyeusi.

Siku zote napokea komunyo kwa ulimi. Leo nimenyoosha mikono, na kucha zake nyeusi.