Kuzima Kwanza

Mjukuu wangu Mbonea,

Marahaba, mwanangu. Huku Ugweno hatujambo, migomba imeshiba mvua, na mama yako ameshuka Same kuuza ndizi. Umeniuliza umfundisheje simu yule bibi mwenye nyumba wako huko Mwanza, maana kila ikiita anahofu ni matapeli.

Nilipokuwa msichana, maduka yalipoanza kujaa tena baada ya miaka ya foleni za sukari, nilimletea mama yangu jiko la mchina, lile la tambi na mafuta ya taa. Akakataa hata kulisogelea. "Litaniunguzia nyumba hilo!" Kaka yangu akawa anamwashia, asipokuwepo, mama anarudi kwenye kuni zake.

Siku moja nikaliwasha mimi, nikamwambia, "Mama, leo hupiki. Leo unazima tu."

Akazungusha kishikio polepole, tambi zikashuka, moto ukafa. Akanitazama. "Hebu washa tena." Akazima tena. Kisha akausukuma mkono wangu, akawasha mwenyewe. Tangu siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa jiko lile, na wanawake wa kijijini walikuja kujifunza kwake. Kwa mama yangu!

Basi mfundishe huyo bibi kukata simu kwanza. Atakwambia kumkatia mtu si adabu. Mjibu kwamba anayekuuliza namba yako ya siri ndiye asiye na adabu.

Juzi mmoja alinipigia, ati nimeshinda zawadi, nimtajie namba ya siri. Wala sikugombana naye. Nilimzima kama mama na jiko lake, nikaendelea kumenya ndizi.

Bibi yako