Salamu za Watu Kumi na Saba

Mpanda,
Jumapili, 14 Machi 1999

Kaka Anicet,

Hodi huko Morogoro. Naamini barua hii inakukuta mzima, na kile kikohozi ulichoondoka nacho hapa kimeisha. Sisi huku hatujambo. Mvua zinaendelea, mahindi ya Usevya yamebeba vizuri, na mama anasema mpunga mwaka huu hautamwangusha. Magoti yake ni yale yale. Amenituma nikuambie kwamba anakula, maana anajua utauliza. Mtoto hajambo kabisa. Kesho anatimiza miezi miwili, anacheka hovyo hata na ukuta, na akishika kidole cha mtu hakiachii.

Barua yako ilifika na treni ya wiki juzi. Umeniandikia kwamba unataka mtoto abaki kwangu, nimlee kama wangu, kwa sababu hakuna aliyempenda marehemu mkeo kuliko mimi. Umesema nijibu upesi, ndiyo au hapana, kwa kuwa mama zake wadogo wa Litapunga nao wanamtaka. Nimeisoma mpaka mikunjo imeanza kuchanika. Siwezi kukujibu kabla sijakueleza jambo moja, na ukishalisoma, jibu litakuwa lako, si langu. Nakuomba usome kwa utaratibu. Nakujua wewe, barua unaanzia mwisho.

Nianzie kwenye kazi. Chumba changu cha maktaba unakijua: makabati manne, meza mbili, na vitabu vya msaada ambavyo nusu yake vinafundisha kutunza farasi na kuendesha gari kwenye theluji. Mwaka jana mwezi wa tisa ofisi ilipeleka jina langu kwenye kozi ya wakutubi inayofundishwa kwa barua za kompyuta. Mwalimu yuko Denmark. Wanafunzi tulikuwa kumi na wanane, kila mmoja na mji wake. Ukiandika barua moja, wenzako wote kumi na saba wanaipata. Ukitaka kujua jambo, unatuma swali kwenye mashine fulani huko Ulaya, inakutafutia, na wiki inayofuata unakuta majibu yamekuja. Mimi niliuliza habari za mchwa. Mashine ikaniletea mchwa wa Australia, kurasa tisa. Lakini mama mmoja mkutubi wa Kumasi, huko Ghana, alisoma swali langu akanielekeza nipake oili chafu kwenye miguu ya makabati. Nikapaka, mchwa wakahama. Nilifurahi, kaka, siwezi kukuficha. Miaka tisa nimefanya kazi hii bila mtu wa kumuuliza chochote, ghafla nina wenzangu.

Kompyuta yenyewe si yetu. Ni ya shirika linalohudumia wakimbizi, na barua zake hazipiti kwenye waya wa simu. Zinapita kwenye redio, hiyo hiyo wanayoitia magari yao yakiwa porini. Redio ni moja. Ikiwa inatuma barua, hakuna anayeweza kuongea, na ukiikata katikati, barua inarudi mwanzo. Abednego, fundi wao wa redio, alinieleza hayo siku ya kwanza kabisa. Alinipa Alhamisi saa kumi jioni, akaniomba barua zangu ziwe fupi. Kwa hiyo usije ukanitetea kwamba sikuambiwa.

Mwalimu naye alitaka fupi. Barua yangu ya kwanza nilisalimia, nikauliza hali za watoto, nikaeleza mvua. Akanijibu kwa upole kwamba kwenye kundi tunakwenda moja kwa moja kwenye jambo lenyewe, na kwamba nifute maneno ya wenzangu yanayojirudia chini ya barua yangu. Loo! Nilijiona mshamba wa washamba. Nikatii. Miezi mitatu nikaandika kama mtu anayelipia telegramu. Lakini ilinikaa kooni. Unaingiaje kwa watu bila hodi? Na maneno ya mtu unayafutaje mbele yake, si ni kumziba mdomo?

Aliyekuwa akinicheka ni Nyanzala. Alipotoka Usevya kwa mama mwezi wa kumi na mbili, kuja kusubiri siku zake karibu na hospitali, kila Alhamisi nikirudi aliniuliza watu wangu wa ndani ya sanduku wameamkaje. Aliwajua wote. Yule mama wa Kumasi alimwita shoga. Baba mmoja wa Lusaka alimwita bwana harusi, kwa sababu kila akiandika habari za rafu za vitabu lazima amtaje mke wake mpya. Akawa ananisuta kwamba nawatupia watu wa watu maneno kama natupia kuku mtama, na kwamba ipo siku niwasalimie kama binti aliyelelewa. Mwenyewe unajua mkeo alivyokuwa akisema neno lake akiwa anacheka, nawe unabaki nalo wiki nzima.

Basi somo la mwisho lilikuwa Alhamisi ya tarehe 14 Januari. Nikasema leo naaga, na nitaaga kama tulivyofundishwa nyumbani. Barua hiyo niliiandika siku mbili, kwa kidole kimoja. Nilimsalimia kila mtu kwa jina lake, wote kumi na saba, nikamuuliza kila mmoja habari za wale aliowahi kuwataja: mke mpya wa Lusaka, mjukuu wa Kumasi, mpaka paka wa bibi mmoja wa Norway. Sikufuta neno la mtu. Barua zote za kozi, miezi minne mizima, zikabaki zimening'inia chini ya yangu. Nyanzala alinituma niweke na salamu zake, na niwaambie kwamba wifi yangu anakaribia kujifungua na mtoto anapiga teke kama ana ugomvi na mtu. Nikaweka. Asubuhi ile nilimwacha uani anaosha vyombo, mzima, ananikumbusha nipitie dagaa.

Saa kumi Abednego akabonyeza, ikaanza kwenda. Siku nyingine zote ni dakika tano. Robo saa ikapita, nusu saa ikapita. Kwenye kioo kuna namba inayoonyesha imefika wapi, na mimi nimekaa naitazama inavyopanda. Saa kumi na dakika arobaini ilikuwa sabini kwa mia. Hapo akaingia mwanamke kutoka hospitali, ameshika karatasi, anahema. Akaeleza kwamba kuna mzazi amekwama, na daktari anayeweza kumpasua yuko kwenye gari la shirika njia ya Inyonga, anazungukia zahanati, aitwe arudi. Abednego akanigeukia. Akasema gari linawasha redio mpaka saa kumi na moja, baada ya hapo halipatikani mpaka kesho. Akaniuliza kama akate.

Nikamwambia asikate.

Nilisema imebaki kidogo, itaisha kabla ya saa kumi na moja. Nilisema kozi inafungwa leo na siku mbili zangu zitakwenda bure. Nikaongeza, na haya ndiyo nayasikia mpaka leo, kwamba wazazi kila siku wanakwama na kila siku wanajifungua. Abednego ni mtu wa haya, na mimi ni mkubwa kwake. Akanisikiliza. Yule mwanamke alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwenye kiti changu na karatasi yenye jina mkononi. Sikumuuliza mgonjwa ni nani. Mimi, niliyemaliza siku mbili nikiulizia paka wa Norway, sikuuliza.

Ilipofika tisini ikaanza kujivuta. Ilimalizika saa kumi na moja na dakika sita. Abednego akaliita gari, akaita, akaita. Mimi nikasaini daftari, nikashukuru, nikapitia dagaa sokoni. Nyumbani nilikuta mlango umerudishiwa tu, na jirani akaniambia Nyanzala amepelekwa hospitali tangu saa tisa.

Daktari alifika kesho yake asubuhi, akamtoa mtoto. Nyanzala hakufika mchana. Mengine unayajua. Wewe ulifika siku ya sita, ukasimama pale kaburini, ukanishika mkono ukanishukuru kwamba sikumwacha peke yake. Nikaitikia. Nilinyamaza siku zote tano ulizokaa hapa, na nimenyamaza mpaka leo. Abednego hajamwambia mtu, na tukikutana njiani anatazama viatu vyake. Watu wa hospitali wanasema hata gari lingeitikia, kwa barabara ile na mvua zile, huenda lisingewahi. Huenda. Lakini lingekuwa limeitwa.

Sijalia, kaka. Ulinisifia mbele ya watu kwamba nina moyo mgumu. Si moyo. Ni ganzi, kama mguu ulioukalia muda mrefu, unaugusa na haukujibu. Naamka, namwogesha mtoto, nafungua maktaba, nabandika kadi kwenye vitabu, nafunga. Cheti kimekuja. Mwalimu ameandika kwamba barua yangu ya mwisho imewafundisha wote kitu ambacho hakikuwa kwenye kozi. Nimekiweka ndani ya kitabu cha farasi, maana hicho hakuna anayekiazima. Nilitegemea kitaniuma kukitazama. Hakikuuma.

Na wale watu wamenijibu, wote kumi na saba. Abednego alizichapa karatasi zao akaziacha mezani kwangu nikiwa nimetoka. Kila mmoja amesalimia kwa urefu, hata wale wasiokuwa na salamu. Na kila mmoja anauliza: wifi yako amejifungua salama? Mtoto anaitwa nani? Sijawajibu. Nimeona wewe utangulie kujua.

Basi ndiyo hiyo habari. Kuhusu mtoto, nampenda. Usiku akilia hicho ndicho kitu pekee kinachonigusa, na ukinipa sitachoka naye. Lakini siwezi kupewa na mtu asiyejua anampa nani. Ukiona aende Litapunga, andika, nitampeleka mwenyewe, na nguo zake zikiwa zimefuliwa, na sitasema neno mbele ya wenyewe. Ukiona abaki, andika. Na kama hutaki kuniandikia mimi, mwandikie mama, nitamsomea kilichoandikwa hata kama ni cha kunilaani.

Ila kwa vyovyote utakavyoamua, tuma jina lake. Uliondoka bila kumpa, ukasema moyo haujatulia. Padri anauliza, na kwenye kadi ya kliniki wameandika Mtoto wa Nyanzala. Alhamisi ile jina lilikuwa hatua mbili kutoka kwangu na sikuliuliza. Sasa nakuuliza, kaka, anaitwa nani?

Mama anakusalimu sana, na anasema ukija safari nyingine umletee mafuta ya kuchua magoti. Nawe tusalimie wenzako wa karakana, hasa mzee Maximilian aliyekupa nauli ya kuja. Mungu akulinde huko, na akupe nguvu ya kuikunja barua hii bila kuichana.

Ni mimi mdogo wako,
Leticia