Kanuni Nne na Twiga wa Mutua

Jumatano. Wingu limekaa juu ya mtaa wetu wa Donholm tangu asubuhi na mvua haitaki kushuka. Baridi ya Julai, mifupa inajua.

Shule niliiachia kidato cha pili, lakini kazi yangu ya kliniki inataka kichwa: kuwatafuta wagonjwa wa kifua kikuu walioacha dawa. Kutoka Muthurwa mpaka Fedha hakuna anayenishinda kutafuta mtu. Hata daktari anajua, ingawa hajawahi kusema.

Mwezi uliopita walitupeleka semina. Tukafundishwa kanuni nne: heshimu uamuzi wa mtu, mtendee mema, usimdhuru, uwe wa haki kwa wote. Nikaziandika nyuma ya daftari, nikala mandazi matatu, nikajiona daktari.

Kisha nikaenda kwa Mutua.

Mutua anachonga vinyago na anaishi chumba kimoja na mkewe na watoto wawili. Alikuwa amekosa dawa siku tano. Nikasimama langoni mwa ploti yao ya vyumba vya kupanga na koti jeupe la kliniki, rejista kwapani, nikaliita jina lake kwa ile sauti yangu ya mhubiri. Vichwa vikatoka kila mlango. Mama mwenye ploti akaweka ndoo chini ili asikie vizuri.

Hajakanyaga kliniki tena. Hii ni wiki ya tatu.

Huku kwetu, watu wakisikia kifua kikuu hawaishii kifuani. Wanaongeza ule ugonjwa mwingine, na godoro la mtu linatupwa nje. Mimi nilidhani natenda mema.

Leo nimevaa shati la Jumapili, nikamfuata kibandani anakochongea. Hakuacha kupiga msasa.

"Umekuja kunitangaza na hapa, bwana kliniki?"

"Nimekuja kununua twiga."

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi kirefu. Akakiri kwamba mkewe amemwambia ni vumbi la mbao tu.

Hapo kanuni zikaanza kupigana zenyewe kwa zenyewe. Siri ni yake, sawa. Lakini watoto wanalala chumba hicho hicho, dirisha limefungwa kwa sababu ya baridi, na wao hakuna aliyewauliza.

Nikamsomea zote nne kutoka daftarini, tukabishana, tukakubaliana. Kila asubuhi nitapita kibandani kama mteja msumbufu, ameze vidonge nikimwona. Ploti haitajua kitu. Lakini kufikia Ijumaa mkewe awe ameambiwa, na watoto waletwe kupimwa.

"Na nisipomwambia?"

"Nitamwambia mimi."

Akakipuliza kinyago vumbi, akakigeuza mara mbili. "Kanuni zako ni nne, na zote zimenishika shingo mimi." Kisha akasema, "Haya. Ijumaa."

Nikirudi, mama mwenye ploti akanidaka dukani. "Wewe si yule wa kliniki? Mutua ana nini?"

"Ana twiga wangu, mama. Shingo imemshinda."

Nimedanganya bila kupepesa jicho, na sijutii.

Kinachonikera ni kingine, na semina haikukifikia. Mutua ameamua, au nimembana mpaka akakosa pa kutokea? Nimelisoma daftari mbele na nyuma. Halisemi.

Ijumaa nitavaa shati lile lile. Mkewe na watoto wasipokuja kliniki, nitabisha mlango mmoja tu, wa Mutua, polepole.