Kengele Isiyoandikwa

Olmotonyi, Arusha
14 Novemba 1994

Dada yangu mpendwa Elizabeth,

Shikamoo dada. Shikamoo ya pili mpe shemeji, na watoto wagawie salamu kwa kadiri ya vimo vyao, maana nasikia hata yule wa mwisho ameshanipita. Barua yako imenikuta mzima, isipokuwa magoti, ambayo siku hizi huanza kulalamika kabla sijaifikia ngazi. Esther hajambo. Kule nyumbani kahawa imechanua vizuri, na wanunuzi binafsi wanapita shambani kila wiki na mizani yao, kila mmoja akimsema mwenzake kwamba ni mwizi. Nadhani wote wanasema kweli. Huko Tabora mvua zimeanza, au bado mnatazama mawingu yakipita?

Uliniagiza nipeleke kwa fundi wa misalaba, yule jirani yangu wa Kimandolu, maneno ya kaburi la mdogo wetu Yoeli: “Alilala kwa amani.” Unataka msalaba uwe tayari ukija Krismasi, maana miaka minne ya kijiti cha mbao inatosha. Dada, sijayapeleka. Fundi ameniuliza mara mbili, na mara ya pili nilijificha bafuni nikamwachia Esther kazi ya kusema uongo. Usikasirike bado. Nina sababu, na nakuomba uisome yote hadi mwisho, ukiwa umekaa.

Lile shirika letu la mbegu limeuzwa. Mnunuzi ni bwana Lesikar, mtu mwema mwenye haraka, anayekunywa chai amesimama. Wenzangu wengi walipunguzwa kazi, mimi nikabakizwa. Usidhani ni kwa akili. Nimebaki kwa sababu mimi ndiye mzee pekee anayejua kusemezana na mashine. Na kwa kuwa uliwahi kuwaambia akina mama wa kanisani kwamba mdogo wako analipwa kwa kutazama televisheni, ngoja leo nikueleze kazi yangu.

Hapa ofisini Olmotonyi tuna kompyuta moja kubwa, na mezani kwa kila mtu kuna skrini na kibodi, tunaviita terminali. Terminali haina akili yake, ni mdomo na sikio tu la ile kubwa. Shida ni kwamba kila kiwanda duniani kimeitengeneza kwa desturi yake. Hii ukitaka ifute maandishi unaiamuru hivi, ile unaiamuru vile. Kwa hiyo kwa kila aina mtu huandika faili la maelezo: ina mistari mingapi, kila mstari unabeba herufi ngapi, inafutwaje, alama inayopepesa kuonyesha mahali pa kuandika inapandishwaje na kushushwaje, ina kengele au haina. Programu husoma maelezo hayo na kuyaamini kama Agano Jipya. Hazitazami terminali yenyewe, dada. Ukiandika kwamba haina kengele, basi haina, hata kama kengele imo humo ndani inasubiri kuambiwa ilie.

Mwezi wa tisa bwana Lesikar alileta terminali saba kutoka Ulaya, zimeshatumika. Nilimwambia kwamba sasa hata kwa kompyuta tunavaa mitumba. Akacheka, kisha akaniagiza niziandikie zote maelezo mapya, na ile niliyokuwa nikiitumia zamani niitoe stoo iwe ya nane. Niliipangusa vumbi nikaiweka karibu na dirisha.

Kesho yake, saa nne na dakika kumi asubuhi, jua limewaka na Meru imejitokeza yote hadi kileleni, ikalia. Mlio mmoja mwembamba, kama kijiko kikigonga glasi. Alama inayopepesa ikashuka mstari mmoja, bila neno lolote. Ikalia tena, ikashuka tena. Mara saba, mistari saba mitupu. Paskalina, katibu muhtasi wetu, binti wa Rombo ambaye ananichokoza kama mjukuu wangu, akasema mzee Sumari umepata mchumba, mbona anakuita humwitikii? Kisha akakunja pua akauliza nani amekula kitunguu saumu asubuhi yote hii. Hakuna aliyekuwa amekula. Na mimi pia nilikuwa nimeisikia harufu hiyo.

Nikalisoma faili lake la zamani. Kengele haimo. Nikaifungua kwa bisbisi, na ndani nikakuta panya wametafuna kile kispika chote, wakatandika karatasi zake wakazalia. Dada, hapakuwa na kitu cha kulia. Siku ya pili ililia saa ile ile. Siku ya tatu niliuchomoa waya unaoiunganisha na kompyuta, ikalia. Siku ya nne niliing'oa hadi kwenye umeme. Skrini ilikuwa nyeusi na baridi kama jiwe la mtoni, nami nimeiwekea kiganja juu, nikahesabu hadi saba.

Paskalina aliihamishia meza yake koridoni, na utani wake akauhamisha nao. Siku moja aliniita pembeni akasema kengele ile haiwaiti watu wote, na anayeitwa angeitika tu wenzake wapumzike. Nikamkumbusha kwamba sisi wa mlimani tumefundishwa usiitike sauti ambayo mwenyewe humwoni. Akanitazama sana. Akasema hiyo ni kwa usiyemjua, mzee, na wewe huyu unamjua, nimeuona uso wako.

Ijumaa iliyopita bwana Lesikar alitaka maelezo yote nane. Saba niliyamaliza kabla ya chai. Kwa ya nane, nilipofika mahali pa kengele, nilikaa nusu siku kama mtoto asiyejua jibu. Mwishowe niliandika kwamba ipo. Jumamosi kukawa kimya, nikadhani yamekwisha, nikamwimbia Esther wimbo mzima jikoni hadi akaniuliza kama nimelewa. Leo Jumatatu imeanza tena. Hapo nikajua kwamba maelezo yanayotakiwa kusahihishwa hayako ndani ya kompyuta. Yako kwako.

Siku ya mazishi, dada, wewe uliyembeba Yoeli mgongoni tangu mama alipofariki, ulinishika mkono ukaniuliza jambo moja tu: aliita? Nikakujibu hakuita. Nilikuambia daktari amesema ile dawa ya wadudu ilimlaza mara moja, hakujua kitu. Daktari hakusema hivyo. Nilisema mimi. Na wewe kwa neno hilo ukalala usingizi miaka minne, na sasa unataka liandikwe kwenye saruji.

Unakumbuka Yoeli alikuwa na chumba kidogo cha kazi ndani ya ghala letu la mbegu, mwisho kabisa, na kutoka ofisini kwangu hadi kwake ulipita waya kati ya miti. Simu ilikuwa imekufa tangu Pasaka, kwa hiyo tulikuwa tukiandikiana kwa terminali. Kila neno lake lilipofika, yangu ililia. Na unajua ninavyosinzia baada ya uji. Kijana alikuwa akinigongea kengele makusudi, nami nikiruka kitini kama chura. Siku moja niliruka mbele ya meneja nikamwaga wino kwenye suruali yake. Niliona aibu. Jioni ile, badala ya kumwambia mdogo wangu aache, nilifungua faili la maelezo nikaiondoa kengele. Ni herufi chache tu. Sikumwambia, nikaona ni utani mzuri kumjibu kwa kimya.

Wiki ile ile walifukiza ghala dawa. Mlinzi alidhani Yoeli ametoka kunywa chai, wakafunga milango na kuziba kwa turubai. Mvua ilikuwa inapiga mabati, mtu asingesikia mlango ukigongwa. Ilikuwa saa nne na dakika kumi. Mimi nilikuwa chumba cha pili, hatua tano kutoka mezani kwangu, na chai na ndizi za kuchoma, nikiwachekesha watu. Hatua tano, dada. Kengele ningeisikia hata nikiwa nimelala.

Niliporudi saa nne na nusu, skrini ilikuwa na mistari saba. Wa kwanza ulikuwa wa utani: kaka, mmenifungia humu kama panya. Katika wa pili alisema harufu ya dawa imeanza, kama kitunguu saumu. Iliyofuata sitaiandika kwenye karatasi, nitakuambia kwa mdomo ukitaka. Wa saba ulikuwa na neno moja tu, Kaka. Nilikimbia. Uliuona mwili, unajua nilichokikuta. Watu walipokuwa wanamtoa, nilirudi ofisini, nikabonyeza kitufe cha kufuta, skrini ikawa tupu, na tangu siku hiyo hakuna mwingine anayejua.

Lakini si hilo linaloninyima usingizi. Yoeli hakujua kwamba nimeiondoa kengele. Kila alipoandika, aliamini inalia. Amekufa akijua kwamba nipo, kwamba namsikia, na kwamba nimekataa kuja.

Leo nilianza kukuandikia hapa hapa mezani, karibu na dirisha, saa nne kasoro. Nilipofika kwenye jina lake, ikaanza. Nikaendelea kuandika huku ikilia. Baada ya mlio wa sita niliweka kalamu chini nikasimama. Bwana Lesikar alikuwa mlangoni na kikombe chake, Paskalina nyuma yake. Nikasema kwa sauti, naam, Yoeli, nimekusikia, nakuja.

Mlio wa saba haukuja. Tulisubiri wote watatu hadi chai ya bwana Lesikar ikapoa. Sijui kama amenisamehe, au amechoka kuita.

Maneno ya msalaba sasa uyachague wewe, maana umeshajua. Ukitaka yanitaje mimi, nitayapeleka kwa fundi vile vile, nikiwa nimevaa koti la kanisani. Na Krismasi ukija, nitakuwa stendi tangu asubuhi. Ukinipita bila kunisalimu, nitakubebea mizigo nikiwa nyuma yako.

Esther anakusalimu sana. Yeye bado sijamwambia, nimeona uanze kujua wewe. Mungu akutunze, na mvua iwafikie.

Ni mimi mdogo wako,
Sifaeli Sumari