Masizi ya Kuletwa

Jumatatu, 6 Juni 1994

Mvua tangu alfajiri. Nimewasha moto sebuleni mara mbili, na mara mbili moshi umerudi ndani. Mama amekohoa mpaka machozi. Nimezima. Amerudi kitandani, blanketi tatu, miguu bado baridi. Dohani haijasafishwa tangu mume wangu afariki. Ilikuwa kazi yake.

Mama ameanza tena habari ya kurudi Igogwe, akaote moto jikoni kwake. Kule hakuna wa kumwangalia. Juni iliyopita alilazwa kwa nimonia. Simruhusu aende. Lakini kumkatalia bila kumpa joto ni ukatili, najua.

Jumanne, 7 Juni

Wamekuja wanaume wawili. Ovaroli za bluu, brashi ndefu, kitabu cha risiti. Kampuni ya kusafisha dohani, eti kutoka Mbeya. Siku hizi kila kitu ruksa, mwenye mhuri ni kampuni. Mrefu anasema, mfupi anabeba mfuko. Nilifurahi, nisijidanganye. Nilidhani Mungu amewaleta.

Mrefu hakuinama hata kutazama juu. Aliingiza mkono mara moja tu, akatoa konzi ya vumbi jeusi, akalimwaga kwenye kitambaa changu cha mezani. Akasema, mbele ya Mama: "Mama, hii ni sumu. Bibi akivuta hewa hii siku chache zaidi, mtamzika."

Mama alinishika mkono. Niliogopa sana.

Akaendelea. Chuma cha kuwekea kuni kimepasuka, lazima wakibebe wakakichomelee. Kazi ianze leo leo, nitangulize nusu, kesho wanakwenda Kyela. Nikasema mpaka Jumamosi, sina kitu mkononi. Alinuna. Halafu ghafla Kyela ikaweza kusubiri.

Jumatano, 8 Juni

Nimefua kile kitambaa. Vumbi limezama chini ya beseni, linameta. Nimelisugua kwa vidole, linakwaruza kama mchanga. Masizi ya kuni hayako hivyo. Yana mafuta, yanapaka kahawia, yananuka moshi.

Hili nalijua. Nimelifua miaka na miaka kwenye kola za mume wangu akitoka mgodini Kiwira. Ni makaa ya mawe. Na makaa ya mawe hayajawahi kuwashwa nyumba hii, mwenyewe aliyapiga marufuku. Alisema anayaona ya kutosha kazini.

Nimecheka peke yangu uani, mikono ndani ya maji. Kisha hasira ikanipanda. Wamemtisha mama yangu kwa vumbi la mfukoni.

Nimekwenda kwa jirani, Mama Subilaga. Kumbe kwake walipita wiki iliyopita. Walibeba chuma cha kuwekea kuni na mlango wa jiko lake la chuma, wakasema siku tatu. Leo ya tisa. Hakumwambia mtu, aliogopa kuchekwa. Sikumcheka. Mimi mwenyewe nilikuwa nimebakiza hatua moja.

Alhamisi, 9 Juni

Kwa shemeji Ambokile. Ndiye anayechochea moto wa kukaushia chai kiwandani, moshi anaujua kuliko mtu yeyote hapa Tukuyu. Nimemweleza yote. Ameniuliza swali moja: walitazama juu kwa kioo? Nikasema hapana. Akasema basi hao si mafundi. Fundi hutazama kwanza, anakuonyesha na wewe, ndipo anataja ubovu. Na chuma chako hakitoki nje kabla hujakiona kilipopasuka.

Atakuja kesho akitoka zamu. Nimemwambia ninachotaka kufanya. Ameguna, kisha ametabasamu.

Ijumaa, 10 Juni

Ambokile juu ya paa. Kamba, jiwe, fungu la matawi ya mkaratusi. Ameshusha na kupandisha mpaka mikono ikawa myeusi. Imeanguka nusu debe ya masizi, ya kahawia, yenye mafuta. Na kiota cha ndege, kikubwa kama kapu. Hicho ndicho kilichokuwa kinazuia moshi.

Nimeweka kioo mekoni na kutazama. Kipande cha anga, safi kabisa. Chuma ni kizima, hakina hata ufa.

Nimefagia, sijawasha. Mama amelalamika baridi. Nimemwomba avumilie siku moja tu. Imeniuma kumwambia hivyo. Jioni nimepita kwa balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Anyosisye.

Jumamosi, 11 Juni

Nimewaweza!

Walifika saa nne. Balozi, Ambokile na Mama Subilaga walikuwa chumbani kwa Mama, kimya, wanakunywa chai. Wale wakatundika turubai mbele ya meko, wakaniomba nitoke kwa sababu ya sumu. Nikatoka, mpole kabisa. Nikasikia brashi ikigonga ukuta. Haikufika hata nusu ya dohani.

Wakaniita. Ndoo imejaa, nyeusi, inameta. Mrefu anajifuta jasho ambalo sikuliona.

Nikamuuliza kama yote yametoka dohani hii. Yote, akasema. Nikamwomba aandike kwenye risiti. Akaandika "masizi ya kuni, ndoo moja", akatia sahihi, akagonga na mhuri wake. Aliugonga kwa nguvu kweli.

Ndipo nikafungua mlango wa chumbani.

Balozi alichovya vidole kwenye ndoo, akavisugua taratibu. Yule mzee hana haraka na kitu. Akasema: "Vijana, haya yanachimbwa. Hayashuki kwenye dohani."

Mrefu akaanza kunieleza mimi kuhusu kuni za aina fulani. Ambokile akamkatiza: "Dohani hii nimeisafisha mimi jana."

Mfupi alitazama mlango. Mama Subilaga alikuwa amesimama pale, mikono kiunoni, na Mama Subilaga si mwembamba. Mgambo wakaitwa. Chumba walichopanga Kiwira kilikuwa na vyuma vya nyumba nne, vinasubiri mnunuzi wa chuma chakavu. Vya Mama Subilaga vimerudi kabla ya saa kumi. Amevibeba mwenyewe kichwani, akapita barabara kubwa ili watu wamwone.

Risiti anayo balozi. Leo nimetembea sokoni kama mwenye mji. Sioni aibu kuandika hivyo.

Jumapili, 12 Juni

Mvua. Nimetoka kanisani, nimewasha moto. Moshi unapanda wote.

Mama amekaa karibu, amevua soksi. Hajakohoa tangu asubuhi. Nilisubiri aseme habari ya Igogwe. Baada ya chakula akaisema. Ametaka Ambokile akipata nafasi aende kule, amletee jembe lake na mbegu za maharage. Ameona nyuma ya jiko langu pana udongo mzuri umelala bure.

Nimesema sawa. Nimekwenda jikoni kuosha vyombo, nimekaa huko muda mrefu kidogo.